Jumatano ya Majivu: Mlango wa Kwaresima

Ukimwona jirani ana msalaba wa majivu kwenye paji la uso, Kwaresima imeanza: siku 40 za toba kabla ya Pasaka, Jumapili zisipohesabiwa. Kwa Wakatoliki, majivu hayo hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, na humkumbusha muumini kuwa yeye ni mavumbi.

Siku hiyo wenye miaka 18 hadi 59 hufunga: mlo mmoja kamili na midogo miwili. Nyama huachwa kuanzia miaka 14. Sala na sadaka kwa maskini huandamana na saumu.

Mwaka 2025 iliangukia 5 Machi, Ramadhani imeshaanza. Hapa Pwani, Mwislamu na Mkristo walifunga mtaa mmoja, kila mtu kwa utaratibu wa dini yake.