Konyo Konyo na majengo ya kale ya Juba

Konyo Konyo (huandikwa pia Konyokonyo) ni soko la Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, upande wa Kator, si mbali na Mto Naili. Ni miongoni mwa masoko makubwa ya mji huo. Mboga, samaki wakavu, unga na nguo huuzwa kwenye vibanda vya mabati na meza za mbao. Kwa kuwa shehena nyingi huletwa na malori kutoka Uganda na Kenya, Kiswahili husikika humo sambamba na Kiarabu cha Juba, Kibari na Kiganda. Anayetafuta majengo ya kale hatayapata kati ya vibanda hivyo. Aende Kator kanisani, mjini katikati, au avuke mto.

Ng'ambo, ukingo wa mashariki, ndipo ilipokuwa Gondokoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 kasisi Mslovenia Ignaz Knoblecher alianzisha hapo misheni ya Kikatoliki katika nchi ya Wabari. Homa ziliwamaliza wamisionari, biashara ya pembe na watumwa ikawafanya wenyeji wawashuku wageni wote, na kufikia 1860 misheni ilikuwa imeachwa. Februari 1863 wavumbuzi John Hanning Speke na James Grant, wakitokea Ziwa Nyanza, walimkuta hapo mvumbuzi mwenzao Samuel Baker. Huyo Baker alirudi 1871 na jeshi la Khedive, mtawala wa Misri, akakuta kuta za misheni alizoziona zamani hazipo tena. Ameeleza kwamba Wabari walizibomoa, wakayasaga matofali yakawa unga mwekundu, wakauchanganya na mafuta na kujipaka mwilini. Yeye aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Lakini kwa watu ambao rangi nyekundu mwilini ilikuwa pambo lao, hayo yalikuwa matumizi mazuri kabisa ya nyumba iliyokimbiwa na wenyewe.

Juba ya leo ni changa kuliko magofu hayo. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS (Church Missionary Society) walifungua Shule ya Nugent mahali hapo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwishoni mwa muongo huo serikali ya kikoloni iliwahamisha Wabari waliokuwa wakiishi hapo ili ijenge makao mapya ya mkoa badala ya mji wa Mongalla. Wafanyabiashara walihamia 1929, na ofisi ya gavana ikafuata 1930.

Jengo kuu la upande wa Kator ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, makao ya Jimbo Kuu Katoliki la Juba. Asili yake ni kazi ya wamisionari Wakatoliki wa shirika la Comboni. Mwaka 1964 serikali ya Khartoum iliwafukuza wamisionari wa kigeni kutoka kusini, na mzigo wote ukawaangukia mapadre na makatekista wazalendo, wachache mno kwa eneo kubwa namna ile, tena katikati ya vita. Kama kanisa hili lina heshima ya pekee, kwa hakika imetokana na watu hao. Mwaka 1974 Juba ilifanywa jimbo kuu, Ireneus Dud akiwa askofu mkuu wa kwanza. Paulino Lukudu Loro aliliongoza kuanzia 1983 hadi 2019. Tarehe 4 Februari 2023 Papa Fransisko alikutana katika kanisa hili na maaskofu, mapadre, watawa na waseminari.

Waanglikana wana Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, ambako ibada ya mazishi ya John Garang, kiongozi wa harakati za ukombozi za kusini, ilifanyika Agosti 2005, wiki moja baada ya kufa kwake katika ajali ya helikopta.

Majengo ya kiraia yanayostahili kutajwa ni yale ya Wagiriki. Wafanyabiashara hao, waliokuja kuwauzia Waingereza mahitaji, walijenga maduka na nyumba katikati ya mji na katika mtaa uitwao sasa Hai Jalaba. Baadhi yamekuwa benki, mengine hoteli na baa. Juba Hotel ilijengwa katika miaka ya 1930. Kwa mji uliopitiwa na vita viwili virefu kabla ya uhuru wa 2011, kisha mapigano ya 2013 na 2016, kubaki kwa majengo hayo ni bahati kubwa, na kila ubomoaji wa sasa unaofanywa kwa ajili ya ghorofa jipya ni hasara isiyolipika.