Kisambaza mzigo: programu ndogo inayogawa kazi kati ya seva

Watu mamia wakifungua tovuti moja dakika ileile, kwa mfano siku shule inatangaza matokeo, seva moja inaweza kulemewa. Wote wanabaki kuangalia simu inazunguka bure, na mega zinaisha. Dawa ni kuweka seva mbili ao tatu, na mbele yao programu ya kugawa kazi: kisambaza mzigo. Kuko zile nzito za makampuni, na kuko ndogo zinazoandikwa kwa lugha ya skripti kama Python, zisizodai programu ingine pembeni. Kwa mji kama Likasi, mahali intaneti ni ya bei na umeme unakatika, hizo ndogo ni za kujua.

Mfano wa karibu

Kituo cha umeme cha Mwadingusha, ku mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930. Kina mashine 6, na nguvu yake yote ni karibu megawati 78. Mashine zinagawana mzigo. Moja ikisimamishwa ili itengenezwe, zingine zinaendelea. Kisambaza mzigo kinatafuta matokeo kama hayo kwa maombi ya intaneti.

Inafanya kazi namna gani?

Programu inasikiliza ku mlango mmoja, tuseme namba 8080, na ina orodha ya anwani za seva. Ombi likiingia, inachagua seva, inafungua njia mpaka kwake, kisha inapitisha data huku na huku mpaka mazungumzo yaishe.

Kuchagua kuko namna mbili za kawaida. Ya kwanza ni zamu: ombi la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa ya pili, kisha kurudia. Ya pili ni kutuma kwa seva yenye watu wachache saa ile. Tena, kila baada ya sekunde chache programu inabisha hodi kwa kila seva. Isiyojibu inatolewa ku orodha mpaka ipone.

Faida ya kutotegemea

Programu nyingi za leo zinajengwa na vipande vya watu wengine, vinavyopakuliwa ku intaneti. Mwezi wa 3 mwaka 2016, mwandishi wa kipande kimoja cha JavaScript, left-pad, chenye mistari 11 tu, alikiondoa. Kazi za waandishi wa programu wengi duniani zikakwama.

Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, inakuja na vifaa vyake ndani. Toka toleo 3.4 la mwaka 2014 iko na asyncio, kifaa kinachoruhusu programu moja kuhudumia watu wengi pamoja. Hivi mistari mia moja hivi inaweza kutosha. Ni faili moja: mwanafunzi anaibeba ku klé USB, anaiweka ku ordinateri ya zamani yenye Python, bila kupakua kitu. Anaisoma yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Ikiharibika usiku, si lazima kungoja fundi atoke Lubumbashi, kilomita karibu 120.

Mipaka yake

Kwa kazi kubwa, haifikie mwendo wa HAProxy, ambayo Mfaransa Willy Tarreau aliandika kwa lugha C na kutoa mwaka 2001.

Mtu aliyeingia na neno la siri ku seva ya kwanza anaweza kutumwa kwa ya pili, isiyomjua, akaombwa kuingia upya. Suluhisho moja ni kutuma kila anwani ku seva ileile siku zote.

Pia kisambaza chenyewe ni mlango mmoja. Kikizimika, seva zinaweza kuwa nzima, lakini hakuna anayezifikia.

Na umeme? Seva mbili ku prizi moja zinazimika pamoja. Kama moja haiko na betri ao sola yake, kisambaza hakisaidie kitu siku ya kukatika.

Kabla ya kuitegemea, kuko jaribio rahisi: kuchomoa seva moja kwa mkono wakati watu wanatumia tovuti. Kama sekunde chache baadaye kurasa zinafunguka tena, mgawo unafanya kazi. Kama hazifunguke, ni afazali kujua leo kuliko siku ya matokeo.