Kifumbu, Nondo na Bwawa

Mpishi wa pwani hatii nazi chunguni na machicha yake. Huikamua kwanza kwenye kifumbu, tui ndilo liende motoni. Majitaka nayo hutaka kifumbu chake, kwa kuwa bakteria hula uchafu ulioyeyuka na chembe laini. Nepi, matambaa na mchanga hawaviwezi. Mapokeo ya kusafisha majitaka hutofautiana katika jambo moja linalonishughulisha sana: kifumbu kikitoboka, nani atajua, na lini?

Manchester hujulikana siku hiyohiyo. Huko, mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett walionyesha kwamba tope likibakizwa tangini na kupulizwa hewa, majitaka husafika kwa saa chache. Mtambo wa aina hii hauna subira. Matambaa na nywele zikipenya kwenye nondo za mlangoni, ambazo ndizo kifumbu chake, husokotana na kuzinyonga pampu. Ndiyo maana nafasi za vichujio vya Uingereza mara nyingi hubanwa hadi milimita 6.

Kolkata, anayejua ni mfugaji wa samaki. Mashariki mwa jiji majitaka husafiri kwa mifereji, mazito yakitua njiani, hadi kwenye mabwawa ya samaki yaitwayo bheri. Eneo hilo, hekta 12,500, liliingia orodha ya Ramsar mwaka 2002. Mfugaji hufungulia maji kidogo kidogo. Akizidisha, oksijeni huisha usiku na alfajiri samaki wanaelea. Hasara ni yake.

Kwetu, Ruai jijini Nairobi au Vingunguti jijini Dar es Salaam, tumetegemea mabwawa yanayopokezana: la kwanza lenye kina, yanayofuata ya jua na mwani. Nayapenda, kwa kuwa hayadai umeme. Lakini upole wa bwawa ndio unaonitia hofu. Mchanga ukipita mlangoni leo, hakuna kinachokwama. Hujilundika chini ya bwawa la kwanza mwaka hadi mwaka, nafasi ikipungua, maji yakipita upesi kabla bakteria hawajamaliza kazi. Maji ya mwisho yanapoanza kunuka, linalosubiri ni tope la miaka mingi.

Kwa hiyo bwawa lahitaji mlinzi makini zaidi kuliko mtambo wa Manchester. Ningeanza na mtu wa reki, anayesafisha nondo za mlangoni: mshahara usiochelewa, buti, glavu, na daftari la ndoo za takataka na mchanga anazotoa kila siku. Wiki ndoo zikipungua bila sababu, twende tukazitazame nondo.