Kisanduku cha Kumi na Tatu

Mama mmoja wa mtaani kwetu, hapa Tanga, alikuja na bahasha ya kaki akaiweka mezani kabla hajaketi. Ndani mlikuwa na nakala kivuli ya karatasi moja, iliyonakiliwa mara nyingi hata herufi zikavimba, na barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kiingereza. "Marahaba, mwanangu," aliitikia shikamoo yangu haraka haraka. "Nisomee polepole. Kaka yako anasema kuna kitu chake hakimo humu, nami sijui ni kitu gani, wala humu ni wapi."

Kaka yangu huyo, yaani mwanawe, alihamia Marekani angali kijana, akaingia jeshini, akapelekwa Iraki, akarudi na goti lisilokunjika sawasawa. Karatasi ile ni fomu ya DD 214, ambayo askari wa Marekani hupewa anapoagana na jeshi, na imekuwapo tangu 1950. Kazi yangu ni kutafsiri. Niliiona ni ya ukurasa mmoja, nikadhani nitaimaliza kabla chai haijapoa.

Nilikwama kwenye kisanduku cha 13. Hapo ndipo zinapoorodheshwa heshima zote za askari, na kichwa cha kisanduku chenyewe kimerundika majina matano. La kwanza, ukilifuata kwenye asili yake, ni mapambo tu, na ukimwambia mama wa Tanga kwamba mwanawe anadai mapambo atakuuliza harusi ni ya nani. Halafu zinafuata medali, beji, hati za sifa na tepe za vita alivyoshiriki. Kiswahili hakikosi maneno ya kujaza orodha hiyo. Shida ni kwamba sisi tumeshayagawia kazi nyingine. Medali tumempa mwanariadha: ni ya dhahabu, ya fedha au ya shaba, na asubuhi yake mwenyewe anapigwa picha akiing'ata. Nishani tumeiachia dola. Mkuu wa nchi hatoi medali siku ya sherehe, anatunuku nishani, na magazeti yetu hayachanganyi hayo mawili hata kwa bahati mbaya.

Napenda mgawanyo huo kwa sababu unafuata asili ya maneno. Medali lilikuja kwa njia ya Ulaya, na ndani yake mna madini. Nishani ni la Kiajemi, na huko lina maana ya alama, kitu cha kumtambulisha mtu. Pwani hii imelizoea kwa muda mrefu; Sultani Barghash wa Zanzibar alianzisha nishani yake ya Nyota Ing'aayo mwaka 1875, akawavisha wageni na wakubwa wake. Kwa hiyo kipande cha chuma kikipotea, kikiibwa au kikiuzwa sokoni, medali imekwenda na nishani imebaki, maadamu mahali fulani pameandikwa kwamba fulani anayo. Na kinyume chake pia ni kweli: replika za medali nyingi za Marekani unaweza kuzinunua dukani, ukazivaa, na usiwe na nishani hata moja. Kisanduku cha 13 hakina chuma. Kina majina.

Jina analolitafuta kaka ni Purple Heart. Nikaandika "Moyo wa Zambarau" na kusoma kwa sauti. Mama akaweka kikombe chini. "Ana maradhi ya moyo?"

Si kosa lake. Zambarau kwetu ni tunda kwanza, rangi baadaye. Ni lile tunda la watoto, lenye kudondoka njiani na kuacha ulimi na shati la shule vikiwa vya rangi moja, na mama yeyote anajua sabuni haiitoi. Wapo wanaopendelea "urujuani", neno zuri la vitabuni, lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia akinunua kanga. Nikabaki na zambarau, nikatanguliza neno "nishani" ili moyo upate pa kuegemea: Nishani ya Moyo wa Zambarau. Nikamweleza Mama kwamba tarehe 7 Agosti 1782 George Washington aliagiza askari wake wa kawaida, si maofisa, wapewe moyo wa kitambaa cha rangi hiyo kwa utumishi uliotukuka. Ilisahaulika muda mrefu kabla ya kufufuliwa tarehe 22 Februari 1932, Washington alipotimiza miaka 200 tangu kuzaliwa. Leo huipata aliyejeruhiwa au kuuawa na adui.

Hapo neno letu lina hila, maana "moyo" kwa Kiswahili ni ushujaa pia. Mtu hujipa moyo, hupiga moyo konde. Msomaji wetu ataona nishani ya moyo na kudhani ni ya mashujaa. Sivyo. Mwoga akijeruhiwa na adui anaistahili, na shujaa aliyerudi mzima haipati.

Nikasema "anaistahili", na kitenzi hicho kina kazi kubwa hapa kuliko kinavyoonekana. Nishani nyingi za vita zinataka kamanda akupendekeze, wakubwa wake wapime, wakubali au wakatae. Hii haina pendekezo. Masharti yakitimia, ni yako. Hivyo Mama aliponiuliza, "Sasa anaomba au anadai?", niliona kwamba ameliuliza swali zima la sheria kwa maneno mawili. Kudai ni kwa mwenye haki. Ukimdai mtu, yeye ana deni lako. Barua ya kaka, lakini, imejaa maneno ya kuomba, na nimeyaacha kama yalivyo, kwa kuwa sisi hata chenji yetu tunaiomba.

Nikafika kwenye maneno yanayotajwa tena na tena katika barua: kumbukumbu za utumishi. Nimetafsiri nyaraka za ofisi kwa miaka, na kila siku naliandika "kumbukumbu" bila kulitazama. Ni kumbuka iliyorudiwa. Tunalo kwa kikao kilichoandikwa na katibu, kwa hitima ya mwaka wa marehemu, kwa faili kabatini, na kwa kile anachokiona mtu akifumba macho. Lugha nyingine zina neno la kichwani na neno la kabatini, kila moja na pake. Sisi tumeviweka katika neno moja, na ndiyo maana barua ya kaka nikiitafsiri neno kwa neno inasomeka kama kitendawili: kumbukumbu zangu zinasema nilijeruhiwa, kumbukumbu zangu hazisemi nilijeruhiwa. Zote ni zake. Zinazoaminiwa ni zile asizozishika yeye.

Na hizo nazo hufa. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika ghorofa ya sita ya jengo la kuhifadhia majalada ya wanajeshi huko Overland, pembeni mwa St. Louis, katika jimbo la Missouri. Ulipokwisha, majalada kati ya milioni 16 na 18 yalikuwa yameteketea. Katika jeshi la nchi kavu, kwa walioachishwa kazi kati ya 1912 na 1960, asilimia 80 ya majalada yalikwenda, na hayakuwa na nakala. Wapiganaji wa Ulaya, wa Pasifiki na wa Korea walijikuta wazee wasio na ujana wao popote. Makarani wameunga vipande tangu hapo: hati za malipo, na ripoti ambazo kila kombania iliandika asubuhi, nani yupo, nani mgonjwa, nani kapelekwa hospitali. Mstari mmoja wa ripoti ya asubuhi umewarudishia baadhi yao jeraha lao.

Jalada la kaka halikuungua. Yeye ni wa juzi. Kisanduku hakikujazwa, basi.

Nilipomsimulia Mama habari za moto, yeye alinikumbusha wazee wa Mjerumani, na kweli kisa chao kinasimuliwa sana. Jenerali wao wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wake Waafrika walirudi makwao na malimbikizo ya mishahara ambayo hayakulipwa. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali mwenyewe, bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti vyao vya 1918. Wengine walileta mabaki ya sare, wengine mikono mitupu. Mtu wa benki aliyetumwa na fedha akapata wazo: kila mzee aliitwa mbele, akakabidhiwa ufagio kuwa ndiyo bunduki, akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa, wanavyosimulia.

Sipendi kisa hicho kama wanavyokipenda wengine. Mzee wa miaka sabini kubebeshwa ufagio ili alipwe jasho lake si jambo la kuchekesha. Lakini kama mtu wa maneno nakiri kwamba siku ile kumbukumbu zilikuwa za aina moja, zilizokaa mabegani na magotini, na mtu wa benki akakubali kuzisoma huko.

Kaka hana wa kumpa ufagio. Sheria inataka karatasi ya tabibu inayoonyesha kwamba jeraha lilihitaji matibabu, na kama kumbukumbu hazitoshi, mashahidi waliokuwepo. Shahidi, nalo, ni neno la nyuso mbili, kwa sababu Kiarabu kimetuletea kwa sauti moja aliyeona na aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Garini, nyuma ya kaka, walikuwamo wawili. Mmoja, barua inasema, ameandika ushahidi wake. Wa pili alifia pale pale. Nilianza kusema kwamba naye ni shahidi kwa maana ile nyingine, Mama akaniinulia kidole. "Neno hilo si letu kuligawa." Nikaliacha.

Ombi likikubaliwa, kuna jambo lingine la kupendeza: fomu ya zamani haifutwi. Hutolewa fomu nyingine, DD 215, inayotaja kisanduku na kinachopaswa kuongezwa, na hizo mbili hukaa pamoja maisha yote. Ni kiraka kilichoshonwa kwa uzi unaoonekana. Medali yenyewe huweza kuja kwa posta. Kiswahili kinasema mtu huvishwa nishani, kama anavyovishwa pete, na kitenzi hicho kinataka mikono ya mtu mwingine. Mtu wa posta hahesabiki.

Nilipata shida pia na neno la kumwitia kaka mwenyewe. "Mkongwe wa vita" linamzeesha, hajafika hamsini. "Mstaafu" ndilo la ofisini, nami nalipenda kwa siri yake: limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kuomba uondolewe jukumu, na mzizi wake ndio uliotupatia "afya". Kaka hakuomba kuondolewa, na afya ndiyo iliyomtoa. Nikaandika "askari wa zamani" na kuendelea.

Ilibaki aya ya tatu ya barua, ile anayoeleza siku yenyewe. Hapa sarufi yetu inaijua sheria ya Marekani vizuri kuliko wanasheria. Ukianguka ngazi, umeumia. Gari likipinduka kwa mwendo kasi, umeumia. Vidole vikifa kwa baridi vitani, umeumia, na hakuna nishani kwa hilo. Kiwewe kinachomwamsha mtu usiku hakihesabiwi. Wizara yao ya ulinzi ilitangaza hivyo mwaka 2009. Nishani hii inataka kauli ya kutendwa, na baada yake kiunganishi "na", na baada ya "na" awepo adui. Kujeruhiwa na. Hata jina la aliyefikwa na hilo, majeruhi, limebeba kutendwa humo humo tangu Uarabuni. Ile ma- ya mwanzo si ya wingi, ni ya jambo lililomfika mtu, ndiyo maana majeruhi mmoja na majeruhi mia wanaitwa sawa.

Nikamsomea Mama: "Nilijeruhiwa na bomu lililotegwa na adui kando ya barabara."

Hakusema kitu. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Aliniambia aliumia," akasema. "Alipiga simu kutoka hospitali. Akasema, nimeumia kidogo, Mama, gari lilipinduka. Siku zote hizi najua gari lilipinduka."

Nilishika kalamu juu ya karatasi. Maneno ya kulainisha yapo, na mtafsiri aliyezoea kazi anayo kwapani. Mama aliniona nikiyatafuta.

"Usibadilishe," akasema. "Kama hao wameandikiwa hivyo, na mimi niandikie hivyo hivyo."

Akakunja nakala yake mara mbili, akaitia kifuani ndani ya kanga, akauliza tena kisanduku kile ni cha ngapi.

"Cha kumi na tatu, Mama."