Bunduki, Mkuki na Mpaka wa Shamba



Kila mara zinapotufikia habari kwamba mtu mwenye silaha ameingia shuleni au sokoni huko Marekani na kuua watu, swali lile lile huulizwa barazani baada ya Misa: "Baba, kwa nini serikali yao isizipige marufuku bunduki, mambo yakaisha?" Nasi hujibu kwa maneno machache, kisha watu huondoka wakitikisa vichwa, kila mmoja akishukuru kimoyomoyo kwamba balaa hilo ni la huko kwao. Juma hili tumeona tulitafakari swali hilo kwa kuanzia hapa hapa tulipo, katika bonde hili la Mkondoa na Wami. Sisi wa Kimamba na Kilosa hatuna haki ya kujifanya watazamaji tu.

Bunduki haikuletwa kwetu juzi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Ugogo ilipita katika nchi hii ya Usagara. Misafara hiyo ilipanda na vitambaa, shanga, baruti na bunduki, ikateremka na pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo. Mwenye bunduki alipata watumwa, na mwenye watumwa alipata bunduki zaidi. Mwishoni mwa Novemba 1884 Carl Peters alifika Msowero, katika wilaya hii hii ya Kilosa, akapata kwa Mangungo alama juu ya karatasi iliyoandikwa kwa lugha ambayo Mangungo hakuijua. Nchi ikahesabiwa kuwa imetolewa. Baada ya karatasi zikaja bunduki za kuitetea karatasi hiyo.

Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano ya Brussels. Pamoja na kupinga biashara ya watumwa, mapatano hayo yalizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Hiyo ni miongoni mwa sheria za kwanza za kimataifa za kudhibiti silaha kuihusu nchi yetu. Shabaha iliyotajwa ilikuwa njema, kwa maana biashara ya watumwa ililishwa na baruti. Lakini mikono iliyoiandika sheria hiyo ilibaki na bunduki zake, ikazitumia kuitawala Afrika. Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Zelewski pale Lugalo na kuteka mamia ya bunduki, na mwaka uliofuata wakaishambulia ngome ya Wajerumani ya Kondoa, karibu na Kilosa. Mwaka 1905 watu wa kusini walioahidiwa kwamba risasi zitageuka maji walizikabili bunduki za mizinga kwa mikuki. Tunajua mwisho wake.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu moja. Mwananchi wa kawaida anapoambiwa asalimishe silaha, katika kumbukumbu ya vizazi huamka swali la zamani: nikiweka changu chini, na yule je? Swali hilo si la Mmarekani peke yake. Yeye analo katika katiba yake, katika Rekebisho la Pili la mwaka 1791, na kwa sababu hiyo mjadala wao ni mgumu. Sisi hatunalo katika katiba. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 14, inamhakikishia kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake, wala haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki. Kwetu bunduki ni ruhusa. Mwombaji huanzia katika serikali ya kijiji au mtaa wake, ombi likapita katika kamati za ulinzi na usalama, ndipo polisi wakaamua. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyosimamia jambo hilo hadi ilipofutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Je, utaratibu wa namna hiyo husaidia? Historia ya miaka ya karibuni inajibu kwamba husaidia, wala si kidogo. Machi 1996, katika mji wa Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliyekuwa na kibali halali aliua watoto 16 na mwalimu wao. Mwezi uliofuata, pale Port Arthur nchini Australia, mtu mwingine aliua watu 35. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote mwaka 1997, na Australia ilinunua bunduki zaidi ya 600,000 kutoka kwa raia wake na kuziharibu. Mauaji ya namna hiyo hayakukoma kabisa katika nchi hizo. Mwaka 2010 watu 12 waliuawa kwa bunduki huko Cumbria, Uingereza. Lakini yamekuwa nadra. Marekani kwa upande wake, baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde mnamo Mei 2022, ilipitisha sheria ya hatua chache tu. Aliyewaua watoto hao alikuwa amezinunua bunduki zake dukani kwa halali, siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Asemaye kwamba sheria haina kazi na awaeleze hayo wazazi wa Uvalde.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusiishie hapo, maana tukiishia hapo tutakuwa tumelijibu swali la wengine na kulikimbia la kwetu.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya yetu ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Turudie hesabu hiyo polepole: watu 38. Ni wengi kuliko waliokufa Port Arthur. Mwezi Machi mwaka huo huo wajumbe wa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika walikuwa wamekutana Nairobi na kutoa azimio dhidi ya kuenea kwa silaha ndogo ndogo, azimio lililozaa Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004. Sheria ya 1991 ilikuwa na umri wa miaka tisa. Polisi walikuwapo, mkuu wa wilaya alikuwapo, nasi watu wa dini tulikuwapo.

Kinachotuhusu hapa si aina ya chombo kilichoshikwa mkononi. Mkuki, sime na panga haviombewi kibali popote, na kila nyumba ya mkulima ina panga. Kinachotuhusu ni njia iliyowafikisha watu pale. Watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah waliandika mwaka 2009 kwamba mzizi wa mauaji ya Kilosa haukuwa uhaba wa ardhi peke yake, wala chuki ya kuzaliwa nayo kati ya makabila. Walionyesha sera zilizomsukuma mfugaji pembeni kwa miaka mingi, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote wasiamini tena kwamba ofisi itawatendea haki. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na ng'ombe, naye anaamini mwenye ng'ombe ameshamaliza mambo ofisini, hupoteza imani na ofisi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekamatwa na kutozwa fedha pasipo risiti, naye vivyo hivyo. Watu wawili wasioamini ofisi wakikutana shambani, chombo chochote kilicho karibu hutosha.

Na hatukujifunza upesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilianza kutumika Mei 2001, ikaweka utaratibu wa mipaka na vyeti vya ardhi ya vijiji. Lakini mipaka iliendelea kugombaniwa, na mwishoni mwa Oktoba 2008 watu wengine 8 waliuawa wilayani Kilosa. Mapema mwaka 2009 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Mwenye kuondolewa hubeba uchungu wake mpaka aendako.

Wapo watakaosema: basi shida ni moyo wa mtu, bunduki imeonewa bure. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari. Tuwatazame jirani zetu. Tarehe 12 Julai 2005, pale Turbi katika nchi kavu ya Marsabit, kaskazini ya Kenya, ugomvi wa wafugaji kwa wafugaji uliua watu zaidi ya 50, wakiwamo watoto 22 wa shule ya msingi. Washambuliaji walikuwa na bunduki za kivita, zile zilizozagaa tangu vita vya nchi jirani. Bunduki haitungi chuki, lakini huifupishia njia. Mbele ya mkuki mtu huweza kukimbia au kujificha nyuma ya mti, na mwenye mkuki huweza kuchoka, au kutazamana uso kwa uso na anayetaka kumwua na mkono ukasita. Risasi haimpi mtu nafasi hiyo.

Wala tusidhani kwamba silaha ikiwa mikononi mwa dola tumekwisha kuwa salama. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na raia na kuondoka na bunduki za kituo. Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini humo, mtu mmoja aliwaua polisi 3 na mlinzi 1 kabla ya kuuawa mwenyewe, na sehemu ya silaha alizotumia aliwanyang'anya polisi hao. Nayo Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013, iliyokusudiwa kuwakamata majangili na silaha zao, ilisimamishwa baada ya majuma machache kwa sababu ya mateso na vifo vya wananchi, na mawaziri wanne wakaachishwa kazi. Tunaoishi kando ya Hifadhi ya Mikumi tunajua maana ya hayo. Ukimpiga mtu ili akuonyeshe gobore, aliye na gobore kijiji cha pili atalifukia chini zaidi.

Hapa inatubidi tuungame kosa letu wenyewe. Mwaka 2022 serikali ilitangaza msamaha kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria: wazisalimishe kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Oktoba, wala hawataulizwa. Mzee mmoja alitufuata nyumbani, si kwa ajili ya kitubio bali kwa ushauri, naye ameturuhusu kusimulia. Alikuwa na gobore la marehemu baba yake, limefichwa darini. Alitaka kulipeleka, ila aliogopa asije akafunguliwa kesi ya ujangili. Alituomba twende naye. Tulimwambia, "Subiri kidogo, mzee wetu, tuulize kwanza." Tulikuwa na semina, kisha kipaimara, kisha safari ya Morogoro. Oktoba ikaisha.

Miezi kadhaa baadaye ng'ombe waliingia katika shamba lake la mahindi usiku. Kijana wake alipanda darini, akalishusha lile gobore. Mama yake alisimama mlangoni, akashika miimo miwili kwa mikono yake, akamwambia kwamba akitaka kutoka na atoke kwa kupitia juu yake. Kijana alikaa chini, akalia. Hakuna aliyekufa usiku ule, lakini hakuokoa sheria wala hakuokoa padre. Aliokoa mwanamke mmoja aliyesimama penye nafasi yake. Asubuhi mzee alikuja tena, na safari hii hatukumwambia asubiri. Tulikwenda pamoja, kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha polisi. Jioni ya siku hiyo tulikwenda kwa mwenye ng'ombe, naye akatukaribisha maziwa kabla hatujasema lililotuleta.

Basi, tukiulizwa tena barazani kama sheria ya bunduki inazuia mauaji ya watu wengi, tutajibu hivi. Sheria inazuia mengi, na nchi isiyoitaka hulipa kwa watoto wake. Lakini sheria hiyo ni kama kitasa cha mlango. Kitasa hufaa nyumba yenye kuta, na kuta zetu ni mpaka wa kijiji unaojulikana na kila mtu, njia ya mifugo iliyotengwa na kuheshimiwa, baraza la ardhi lisilouza hukumu, na ofisa anayeandika risiti. Kuta zikianguka, kitasa kitabaki kinaning'inia hewani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na sisi wa Kilosa tumekwisha kuujenga ukuta huo kwa makaburi 38.

Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha. Tusingoje tangazo ndipo tuanze kuzungumza. Jumuiya ndogo ndogo zetu nazikae na majirani wafugaji kabla mahindi hayajakomaa, wakati bado hakuna cha kugombania. Aliye na kitu darini na aje, mchana au usiku. Hatutamwambia asubiri.

Nabii Isaya aliona siku ambayo vyombo vya vita vitafuliwa kuwa vyombo vya kulimia. Sisi tunalima tayari, na majembe tunayo. Limebaki kukubaliana mpaka wa shamba.

Amani iwe kwenu, mpaka juma lijalo.