Kiini Kinapokataa Kutafsirika

"Keneli imegoma kukompaili." Kaa na vijana wanaobadilisha mifumo ya simu za Android, Kariakoo au Luthuli Avenue, nawe utaisikia sentensi hii ikibeba matatizo yasiyofanana hata kidogo. Mmoja anamaanisha kwamba kompyuta yake imesimama mwanzoni kabisa, ikilalamika kuwa kuna faili halionekani. Mwingine kazi yake imekwisha bila kosa na simu imewaka vizuri, ila kifaa cha USB alichokijengea kiendeshi hakitambuliwi. Wa tatu simu yake imeganda kwenye nembo. Wote watatu wametumia neno moja, na anayetaka kuwasaidia lazima aanze kwa kuuliza: imegoma wapi?

Naandika kuhusu neno hilo kwa kuwa naamini Kiswahili kinaweza kulijibu swali la "wapi" ndani ya istilahi zake chenyewe.

Tuyamalize kwanza maneno mawili yaliyo mepesi. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa, na inayosimama kati ya programu na maunzi. Linus Torvalds alikitangaza kiini cha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na tangu HTC Dream, simu ya kwanza ya Android iliyouzwa mwaka 2008, Android imejengwa juu ya kiini hicho. Kiswahili kilikuwa tayari na kiini cha yai, cha mbegu na cha atomu, hivyo sioni haja ya kuhangaika na keneli. Kiendeshi kina utata kidogo. Wapo wanaosema dereva, jina ambalo lugha yetu imelizoea kwa mtu, na mara likihamia kwenye programu upatanisho unayumba: dereva amepakiwa au dereva imepakiwa? Kiendeshi kinaingia katika ngeli ya vyombo bila mgogoro. Kasoro yake ni kwamba kimetumika pia kutajia diski. Diski mimi naiita diski, kama watu wote, na kiendeshi nakiacha kwa ile programu inayokijulisha kiini namna ya kuzungumza na kamera, redio ya wifi au chipu ya USB.

Sasa kukompaili. Neno linalokuja haraka mdomoni ni kukusanya, na lina asili ya kweli. Grace Hopper, aliyetengeneza mfumo wa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC mwaka 1952, alichagua neno la Kiingereza lenye maana hiyo kwa sababu ndicho kilichofanyika: programu yake ilichukua vijisehemu vya hesabu vilivyokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa kwenye utepe, ikavipanga pamoja. Kwa A-0, kukusanya ni tafsiri sahihi. Lakini Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilikuwa na kazi nyingine. Mtu aliandika fomula, na mashine ikazigeuza kuwa amri za prosesa. Neno la Kiingereza lilibaki vilevile huku kazi ikibadilika chini yake. Sisi tunaolipokea leo hatulazimiki kurithi jina la kazi ya mwaka 1952.

Kinachofanyika leo ni tafsiri. Msimbo chanzo wa Linux umeandikwa karibu wote kwa lugha ya C, ambayo prosesa haiijui. Kitafsiri huusoma faili baada ya faili na kuiandika maana ileile kwa lugha ya mashine. Na hapa Kiswahili kinatupa zaidi ya tulichoomba, maana kinamtenganisha mtafsiri na mkalimani. Mtafsiri huikamilisha matini yote kabla msomaji hajaiona. Mkalimani husimama kando ya msemaji na kugeuza maneno papo kwa papo. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya chombo kinachoshughulikia msimbo wa C kabla haujatumika na kile kinachotekeleza hati ya Bash mstari kwa mstari. Cha kwanza ni kitafsiri, cha pili ni kikalimani. Kiingereza kinahitaji maelezo marefu kuieleza tofauti hiyo kwa mwanafunzi. Mwanafunzi wa Kiswahili anakuja nayo kutoka nyumbani.

Kazi ya simu inaongeza jambo moja. Kompyuta nyingi tunazojengea zina prosesa za Intel au AMD, familia ya x86, ilhali simu ina ARM. Kitafsiri kinachokaa kwenye x86 na kuandika lugha ya ARM nakiita kitafsiri mtambuka, kwa mfano wa masuala mtambuka tuliyoyazoea katika sera na mitaala. Mjenzi wa kiini hutaja vitu viwili: ARCH, inayosema kiini ni cha prosesa gani, na CROSS_COMPILE, inayosema kitafsiri kipi kiitwe. Ukitaja ya kwanza ukasahau ya pili, kitafsiri cha kawaida cha kompyuta yako hupewa maagizo ya ARM, nacho hulalamika kwamba hakilijui chaguo la -mlittle-endian. Watu hutumia jioni nzima wakipekua msimbo kwa kosa hilo, na msimbo hauna hatia. Aliyeitwa kutafsiri siye.

Kuna na tatizo la rika. Chukua Nexus 5, iliyotoka mwishoni mwa 2013 ikiwa na kiini cha 3.4. Linux 3.4 ilitolewa Mei 2012, wakati kitafsiri cha GCC kilikuwa bado katika toleo la 4. Msimbo huo hutafuta faili la maelezo ambalo jina lake lina namba ya kitafsiri ndani yake. Ukileta GCC 5, ya mwaka 2015, linatafutwa faili liitwalo compiler-gcc5.h, na waandishi wa 3.4 hawakuwa na namna ya kuliandika. Ujenzi unasimama hapo hapo. Dawa si kuliunda faili hilo kwa kubahatisha, ingawa wengi hufanya hivyo na mara nyingine hufanikiwa. Dawa ni kukipata kitafsiri cha 4.x kilichotolewa na mradi wa Android wakati ule. Viini vya chipu za Qualcomm vya miaka hiyo vilikuja pia na hati ya gcc-wrapper.py, iliyowekwa makusudi ili onyo la kitafsiri lihesabiwe kuwa kosa. Hati hiyo iliandikwa kwa Python 2. Kwenye kompyuta ya leo, yenye Python 3 pekee, kinachoanguka si msimbo wa C wala kitafsiri, bali mlinzi aliyewekwa kati yao, na asiyesoma ujumbe hadi mwisho ataibadilisha GCC mara tatu bila nafuu yoyote.

Baada ya tafsiri kuna kazi ya pili, ambayo neno kukompaili huimeza kimyakimya: kuunganisha. Kila faili la C limetafsiriwa peke yake, na ndani yake kuna majina ya vitu vilivyoko kwenye mafaili mengine. Kiunganishi huyatafuta majina hayo na kuviweka vipande pamoja. Hapa ndipo lilipo kosa ninalolipenda kulifundishia kuliko yote, kosa la yylloc.

Kompyuta ya mezani huweza kuvigundua vifaa vyake vingi yenyewe. Simu ya ARM haiwezi kwa kiasi hicho. Inahitaji maelezo yanayosema kifaa kipi kiko kwenye anwani ipi, na maelezo hayo huitwa mti wa vifaa. Mti huandikwa kwa maneno yanayosomeka, kisha programu ndogo iitwayo dtc huyageuza kuwa umbo la mashine. Kwa hiyo dtc nayo ni kitafsiri, kinachojengwa ndani ya ujenzi wa kiini, na kwa kuwa kinafanya kazi kwenye kompyuta ya mjenzi, hutafsiriwa kwa GCC ya kompyuta hiyo na si kwa kile kitafsiri mtambuka cha simu. Sasa, mafaili mawili ya dtc ya zamani yalitangaza kigezo kimoja, yylloc, kila moja likijiona mmiliki. Kwa miaka mingi GCC ilivumilia: ilikiweka kigezo cha namna hiyo mahali pa pamoja na kiunganishi kikavifanya viwili kuwa kimoja. GCC 10, ya mwaka 2020, iliacha uvumilivu huo kama kanuni ya kawaida. Watu waliosasisha kompyuta zao tu, bila kugusa msimbo wa simu wala kitafsiri mtambuka, wakaamka na kiini kisichojengeka.

Ujumbe wake unasema kuwa yylloc imefafanuliwa mara mbili. Anayejua kwamba kufafanuliwa mara mbili ni lalamiko la kiunganishi hatahangaika kutafuta sarufi mbaya katika mstari wa C, kwa sababu tafsiri ilikwisha kupita salama. Atafungua dtc-lexer.l na kuweka neno extern mbele ya tamko la ziada, au kulifuta, na kazi itaendelea. Aliyeambiwa tu kwamba "imegoma kukompaili" hana hata kidokezo cha kumpeleka huko.

Kazi ya tatu hufanyika ndani ya simu. Kiendeshi kinaweza kuwa sehemu ya kiini chenyewe, au kikawa moduli inayopakiwa baadaye. Tuseme mtu anataka simu yake isome kifaa cha USB chenye chipu ya CH340, iliyomo katika bodi nyingi za bei nafuu za Arduino. Anaitafsiri moduli ya ch341, inaunganishwa, hakuna kosa. Anaipakia, na kiini kinaikataa. Hapo amri ya kwanza ni dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za kiini, na mara nyingi ndani yake kuna malalamiko juu ya vermagic: mstari uliomo ndani ya kila moduli, unaotaja toleo la kiini, namna ya kutumia prosesa nyingi, na aina ya ARM. Mstari huo ulinganishwe na wa kiini kinachoendesha simu. Tofauti huweza kuwa alama moja ya kujumlisha mwishoni mwa namba ya toleo, ambayo mfumo wa ujenzi huiongeza unapoona msimbo umetoka kwenye hazina ya Git na hauko sawasawa na toleo lililowekewa alama. Faili tupu liitwalo .scmversion, likiwekwa kwenye mzizi wa msimbo, huuzuia mfumo wa ujenzi wa viini vya miaka hiyo usiiongeze.

Wapo watakaoona huo ni urasimu. Sikubaliani nao. Viini vilivyowezeshwa CONFIG_MODVERSIONS huenda mbali zaidi: huhesabu alama ya utambulisho kwa kila jina ambalo moduli inalitegemea, kutokana na umbo la data lililo nyuma ya jina hilo. Ukibadilisha chaguo moja katika usanidi, muundo wa data huweza kuongezewa uga katikati, na kila kilicho baada yake kikasogea. Moduli iliyojengwa kwa usanidi mwingine ingesoma mahali pasipo pake, na kwa kuwa iko ndani ya kiini hakuna wa kuizuia isiandike hapo pia. Kukataliwa ndiko kunakoiokoa simu. Suluhisho huanzia kwenye faili la /proc/config.gz, pale mtengenezaji alipoliacha, maana ndilo lenye usanidi halisi wa kiini kinachoendesha simu hiyo. Lilipoondolewa, mjenzi hutegemea usanidi uliokuja na msimbo chanzo ambao leseni ya GPL inamtaka mtengenezaji autoe, na usanidi huo hauwi daima ule uliotumika kiwandani.

Kuhusu kuwasha, yaani simu inayoganda kwenye nembo, niseme mawili tu. Picha mpya ya kiini ijaribiwe kwa fastboot boot kabla ya kuandikwa ndani ya simu, kwa zile zinazoruhusu, ili kuzima na kuwasha kurudishe kiini cha zamani. Na iwapo simu imejizima ghafla, itazamwe /sys/fs/pstore, ambako maneno ya mwisho ya kiini huweza kuwa yamehifadhiwa.

Google yenyewe imelazimika kuzitenganisha kazi hizi. Simu zilizotoka kiwandani na Android 12 zikiwa na kiini cha 5.10 au cha baadaye hutakiwa kutumia kiini kimoja cha pamoja, kilichotafsiriwa na Google, huku viendeshi vya chipu na vya kampuni vikiletwa kama moduli. Orodha ya majina ambayo moduli zinaruhusiwa kuyategemea hugandishwa kwa kila tawi. Katika mpangilio huo mtu anaweza kurekebisha kiendeshi kwa miaka bila kutafsiri kiini hata mara moja, na matatizo mengi yatakayomkuta ni ya kupakia. Neno moja la kufunika yote limezidi kutofaa.

Nimeshasikia pingamizi kwamba kutafsiri kutachanganywa na kazi ya kugeuza maneno ya programu kuwa Kiswahili, kama ile iliyofanywa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi hiyo ina jina lake, ujanibishaji, na inastahili kuitwa kwa jina hilo kwa kuwa haiishii kwenye maneno. Inagusa tarehe, sarafu na mpangilio wa kiolesura. Penye hofu ya kuchanganya, semeni tafsiri ya msimbo. Kukompaili litabaki midomoni mwa mafundi kama kuflashi lilivyobaki, na silipigi vita katika mazungumzo. Katika kitabu cha kufundishia, hata hivyo, na katika ripoti ya hitilafu, nataka kuona msimbo hautafsiriki, vipande haviungani, kiini kimeikataa moduli, au simu haiwaki. Kauli kama hizo zinamtosha mwandishi kutaja hatua na kosa kwa pamoja, na msomaji wa ripoti atajua kama afungue kumbukumbu za ujenzi kwenye kompyuta au dmesg kwenye simu.