Mkutubi aliyetoboa siri kwa kunyamaza
Jessamyn West, mkutubi wa jimbo la Vermont, Marekani, ambaye pia amefundisha umma kutumia kompyuta, alianza kuandika kuhusu maktaba kwenye intaneti mwaka wa 1999. Sheria ya Patriot ilipopitishwa Oktoba 2001, Kifungu cha 215 kiliwaruhusu wapelelezi wa FBI, kwa amri ya mahakama ya siri, kudai rekodi za wasomaji. Mkutubi aliyepokea amri hiyo alikatazwa kuitaja. West alibuni mabango ya maktaba yaliyotangaza kwamba FBI hawajafika. Sheria ilikataza kusema wamefika, haikulazimisha bango libaki ukutani. Likiondolewa, mwenye macho haambiwi tazama. Kifungu hicho kilikoma Machi 2020.